Mashemeji Wawili, Usukani Mmoja

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu naifanyia barazani kwangu, na kwa kawaida siudhiki upesi. Uzi ukikatika, naunga. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana wakati amenenepa mwenyewe, naliongeza upana bila kusema neno. Lakini mwaka huo mume wangu na mdogo wangu walinifikisha mahali ambapo nilitamani kuitumbukiza simu yangu kwenye ndoo ya maji.

Mume wangu ni dereva wa lori. Kwa miaka kumi na moja aliendesha peke yake. Mchana anaendesha, jioni anaegesha na kulala, asubuhi anaondoka tena. Kisha kampuni yao ikapata mizigo ya haraka, dawa za hospitali na vitu vinavyoharibika upesi. Mizigo ya namna hiyo haiwezi kulala njiani. Msimamizi wa madereva akasema kila lori la safari ndefu litakuwa na madereva wawili. Mmoja anaendesha, mwenzake analala kwenye kitanda chenye pazia kilicho nyuma ya viti. Wakibadilishana hivyo, lori linatembea usiku na mchana.

Mume wangu akaulizwa kama anamjua mtu wa kuendesha naye. Hapo ndipo mimi nilipojitia kimbelembele. Nikasema, si yupo mdogo wangu? Mdogo wangu wa kiume alikuwa na leseni ya magari makubwa, na alikuwa anaendesha lori la mchanga hapa hapa mjini. Ni mpole, hana makuu. Mume wangu naye ni mtu wa adabu zake. Nikajiona nimefanya jambo la maana sana. Siku walipoondoka, nilisimama mlangoni nikawapungia mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Siku mbili baadaye simu ikaanza.

Wa kwanza alikuwa mdogo wangu. Alinong'ona. Alisema shemeji yake halali. Kila yeye akishika usukani, shemeji anatoka kitandani, anakuja kukaa kiti cha pembeni, anaikodolea macho barabara. Hasemi kitu. Anasafisha koo tu kila gari likija mbele. Mara nyingine anasema, "Punguza... aa, basi, endelea tu, uko sawa." Mdogo wangu alisema anajiona kama mwanafunzi anayefanya mtihani usiokwisha.

Sijamaliza kushona mkono mmoja wa shati, akapiga mume wangu. Naye alinong'ona. Alisema mdogo wangu anafunga breki kama mtu anayekanyaga nyoka. Ukiwa kitandani unarushwa mbele, unarudishwa nyuma, utalalaje? Tena anakula karanga na maganda anayaacha juu ya kiti.

"Umemwambia?" nikamuuliza.

Akashusha sauti zaidi, kama nimemuuliza jambo la aibu. "Mama watoto, nimwambie vipi? Yule ni shemeji yangu."

Basi ikawa hivyo. Mmoja alilalamika kuhusu dirisha lililoachwa wazi, mwenzake akalalamika kuhusu soksi. Mmoja hataki redio, mwenzake bila redio anasinzia. Kila mmoja alikuja kwangu na hakuna aliyemwendea mwenzake. Wakiwa pamoja ni "karibu shemeji", "asante shemeji", "tangulia wewe shemeji". Wakiachana hatua kumi, mkono uko kwenye simu. Mimi nikawa nachukua ya huyu, nayapunguza makali, nampelekea yule. Nguo za watu zilichelewa. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua gauni lake akalikuta halina mgongo.

Katika safari ya tatu, asubuhi moja, simu ililia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amesimama kwenye kituo cha mafuta, amevaa kandambili na kaptula ya kulalia, anatumia simu ya mhudumu wa pampu. Namba pekee aliyoikumbuka kichwani ilikuwa yangu. Lori limeondoka na limemwacha.

Nilimpigia mume wangu. Alipokea kwa sauti ya chini kabisa.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Barabarani. Sema polepole."

"Na shemeji yako?"

"Amelala hapo nyuma. Leo amepata usingizi mzuri, hata hajageuka. Nimezima na redio ili nisimsumbue."

"Hebu fungua pazia."

"Nisimwamshe mtu kwa sababu ya..."

"Egesha gari, ufungue pazia."

Nikasikia gari likipunguza mwendo. Nikasikia pazia likivutwa. Alikuwa ameendesha nusu saa nzima akikilinda kitanda kitupu. Walipokuwa pale kituoni, mdogo wangu aliamka akaenda chooni. Mume wangu aliporudi kwenye usukani, aliona pazia limefungwa, akaona si adabu kulifungua na kumchungulia shemeji yake amelala. Akaondoka zake.

Mtaani nilisimulia kisa hicho na watu wakacheka hadi machozi. Mimi mwenyewe nilicheka, lakini nilicheka mapema mno.

Mwisho wa safari ya nne niliwapelekea nguo safi yadini, mahali malori yanapoegeshwa. Nikaliona lori lao. Kioo cha pembeni upande wa kushoto kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira. Mlango ulikuwa na mkwaruzo mrefu, na kwenye ngazi ya kupandia kulikuwa na majani mabichi yaliyonasa pamoja na udongo.

Nikamuuliza mume wangu kumetokea nini. Akasema ni tawi la mti. Nikaenda upande wa pili nikamuuliza mdogo wangu. Akasema basi liliwapita karibu mno.

Nikaweka mfuko wa nguo chini. Nikakaa kwenye ile ngazi. Nikawaambia siondoki hapo mpaka tawi na basi vikubaliane.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kulegea. Alisema usiku wa kuamkia siku ya ule mkwaruzo mume wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Yeye ilikuwa zamu yake ya kulala, lakini alikaa kiti cha pembeni kumpa shemeji yake kampani. Aliona si heshima kumwacha mtu mzima anahangaika na usukani wakati yeye anakoroma. Asubuhi wakabadilishana. Mume wangu naye hakulala, alikaa pembeni kama kawaida yake. Kwa hiyo wote wawili hawakuwa wamelala tangu jana yake, kwa sababu ya heshima. Ilipofika saa saba mchana, jua linawaka, barabara imenyooka, mdogo wangu akawa anaona mstari mweupe unageuka kuwa miwili.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nilijikaza kisabuni, dada. Nilikuwa nimeendesha saa tatu tu. Shemeji ameendesha usiku mzima. Ningemwambiaje kwamba nimechoka?"

Alichosikia baadaye ni magurudumu yanakwaruza kokoto. Nguzo ya barabarani ikakibeba kioo. Lori likaingia kwenye majani, likasimama. Mume wangu alizinduka kwenye kiti cha pembeni, kwani naye alikuwa amesinzia akiwa ameketi. Waliposhuka waliona korongo. Lilikuwa hatua tano mbele ya bampa.

Sikuwagombeza. Nina mume mmoja, na kwa mama yetu tumezaliwa wawili tu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, ndiye niliyewaingiza watu hawa katika kabini moja. Nilifikiria watoto wangu. Nilimfikiria mama. Nikabaki nimekaa pale pale.

Msimamizi wa madereva aliwapa siku tatu za kukaa nyumbani. Alisema safari inayofuata ndiyo itakayoonyesha kama wataendelea pamoja au la. Jioni hiyo walikaa sebuleni kwangu wakibembelezana nani achukue kiti kizuri. Nilitoka nje kabla sijasema neno la kujutia.

Nyumba ya nne kutoka kwangu anakaa mama mmoja anayeziba pancha. Mtaa mzima unamwita Mama Breki, kwa sababu mtu akianza upuuzi mbele yake anamsimamisha pale pale. Kabla ya kufungua kibanda chake aliendesha malori makubwa kwa miaka kumi na miwili, yeye na mumewe, zamu kwa zamu. Nilimkuta ameinamia tairi la baiskeli. Nikamweleza yote, kuanzia karanga mpaka korongo. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

Nilipomaliza akaniuliza, "Wakikupigia, wewe unafanya nini?"

Nikamwambia nawasikiliza, kisha nampigia mwenzake nimweleze kwa upole.

"Basi na wewe umo," akasema. "Watu wawili wamekaa umbali wa mkono mmoja, na maneno yao yanazunguka mpaka kwenye cherehani yako ndipo yarudi. Wataongea saa ngapi? Kuanzia leo, mtu akikulalamikia, muulize kama amemwambia mwenzake. Akisema bado, kata simu."

Ilinichoma. Nilikuwa nimekwenda kuwashtaki, nikajikuta kizimbani pamoja nao. Nikamwambia sawa.

Kesho yake asubuhi alikuja nasi yadini. Msimamizi alikuwa akimfahamu tangu zamani, na leseni yake bado ilikuwa hai. Akampa funguo na ruhusa ya kuzunguka ndani ya yadi tu. Mama Breki alipanda kabini akiwa na gauni lake la kazini lenye madoa ya gundi. Kwanza alitazama kitanda. Akauliza mkanda wa kujifunga wakati wa kulala uko wapi. Mdogo wangu akautoa chini ya godoro. Ulikuwa bado una karatasi ya kiwandani.

"Huu mnamwekea nani?" akauliza. "Lori likigonga kitu, aliyelala bila mkanda anatangulia kufika kwenye kioo cha mbele. Kila ukilala, unafunga."

Akawaamuru wote wawili wakae kitandani na wajifunge. Mimi nikakaa kiti cha pembeni. Mama Breki akawasha gari.

"Sasa naendesha kama kijana huyu," akasema.

Alikwenda mwendo mdogo, kisha akakanyaga breki ghafla. Akaondoka kwa kasi, akakanyaga tena. Nyuma yangu nikasikia vichwa viwili vinagonga ubao. Mdogo wangu akasema taratibu kwamba hakujua iko hivyo.

"Utajuaje, na wewe siku zote uko mbele?" akasema Mama Breki. "Aliyelala haioni barabara. Hajui breki inakuja. Kwa hiyo unaanza kupunguza mapema, polepole, mpaka gari lisimame bila yeye kujua. Kona vivyo hivyo. Ukiendesha na mtu amelala nyuma, nusu ya kazi yako ni usingizi wake."

Mume wangu alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Breki alimwona kwenye kioo.

"Sasa naendesha kama wewe, baba," akasema. Akafungua dirisha lote. Akaanza kuimba kwa sauti ya kukwaruza, akaachia usukani kidogo kila baada ya dakika ili kufuta vumbi kwenye dashibodi, gari likawa linayumba kushoto na kulia. Mdogo wangu alijizuia kucheka akashindwa. Mume wangu alinitazama mimi.

"Nani amemwambia?" akauliza.

Nilijifanya natazama nje.

Kisha Mama Breki akazima gari. Aliwaambia mambo ambayo, alisema, mtu yeyote anayeanza kazi hii angepaswa kuambiwa kabla hajapanda. Mwanzoni hutalala vizuri. Mwili haujazoea kulala kitu kinatembea, na moyo haujazoea kumkabidhi mtu mwingine uhai wako. Wengine huchukua wiki mbili, wengine mwezi. Si ugonjwa na si udhaifu. Lakini zamu yako ya kulala ikifika unalala chini, hata kama usingizi hauji. Unafumba macho, unafunika masikio, simu unaizima. Kukaa kiti cha pembeni si kumsaidia mwenzako. Ni kumwibia dereva atakayempokea, na dereva huyo ni wewe mwenyewe.

Akasema zamu ziwe na saa zilezile kila siku, ili mwili ujue lini ni lini. Wakae chini wagawane, anayeona vizuri usiku achukue usiku. Kila kampuni na kila nchi ina sheria yake ya saa za kuendesha na za kupumzika, hiyo waisome na wasiivuke. Yeye na mumewe hawakuwahi kuzidisha saa tano kabla ya kubadilishana.

"Na mkibadilishana mnafanyaje?" akauliza.

Mume wangu akasema huwa anampa shemeji funguo.

"Funguo tu? Mimi na mume wangu tulishuka wote wawili. Tunalizunguka gari, tunagonga matairi, tunatazama mzigo. Anayemaliza anasema, njia ilikuwaje, gari linalalamika wapi, mafuta yamebaki kiasi gani. Ndipo mwenzake anapanda. Na hakuna gari kuondoka kabla hujaita na kuitikiwa. Umeita, hakuna jibu, fungua pazia. Kama amelala uchi, shauri yake."

Mdogo wangu aliangalia kandambili zake.

"Tatizo lenu nyinyi ni adabu," Mama Breki akaendelea. "Adabu ni nzuri mezani na msibani. Kwenye usukani inaua. Nataka nisikie neno moja tu. Kijana, mtazame shemeji yako, umwambie nimechoka."

Mdogo wangu akakohoa. "Shemeji," akaanza, "kama hutojali, na kama na wewe hujachoka sana, pengine huko mbele tukipata nafasi..."

"Hiyo ni barua ya kuomba kazi," akasema Mama Breki. "Gari limeshaingia korongoni. Rudia."

"Shemeji, naona kama macho..."

"Rudia."

Mdogo wangu alimtazama mume wangu, akatazama kioo kilichofungwa kwa mpira, akarudisha macho. Tangu utotoni yule hajawahi kumwambia mtu mzima kwamba ameshindwa kitu.

"Nimechoka," akasema. "Shika wewe."

"Haya, nashika," akajibu mume wangu. Halafu, bila kuambiwa, naye akasema, "Shemeji, mimi silali kwa sababu naogopa. Si wewe. Miaka kumi na moja sijawahi kulala gari likitembea. Nikifumba macho naona tunaanguka."

Mdogo wangu akamtazama kama amemwona leo. "Mimi nilidhani unaniona sijui kuendesha," akasema.

Waliendelea kuongea wenyewe. Karanga, dirisha, soksi, redio, vyote vilimwagwa pale. Walikubaliana maganda yaingie kwenye mfuko, viatu vikae nje ya pazia, redio iwe chini wakati mmoja amelala. Mambo yaliyokuwa yamenitia kiwewe miezi miwili wao waliyamaliza kwa robo saa. Nilifurahi, na nilikasirika pia, nikahesabu nguo ambazo ningekuwa nimeshona.

Wakaondoka kwa ile safari ya majaribio. Siku ya pili mume wangu akapiga. Alisema mdogo wangu anaweka kiti mbele mno, na kila akikaa magoti yanagonga dashibodi.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Bado, nilitaka kwanza..."

Nikakata simu. Nilisikia raha ambayo sikuitarajia. Baada ya saa moja mdogo wangu naye akapiga, nikamkatia vilevile. Jioni ile nilimaliza nguo tatu.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilinyooka mara moja. Safari hiyo mume wangu hakupata hata lepe la usingizi siku mbili za kwanza. Lakini alilala chini, akafunga mkanda, akafumba macho kama alivyoambiwa. Siku ya tatu alisinzia dakika ishirini, akaamka ameshtuka, akakuta lori liko barabarani na shemeji yake anaendesha vizuri. Siku ya nne akalala saa moja. Mdogo wangu naye alisema "nimechoka" mara mbili. Mara ya pili wote walikuwa wamechoka. Wakatafuta maegesho salama, wakasimamisha lori, wakampigia msimamizi wakamwambia ukweli, wakalala. Walifika wamechelewa. Msimamizi alinung'unika, akaandika, kisha akawapa safari nyingine. Alisema mzigo uliochelewa anaweza kuueleza kwa mwenye mzigo, lakini ajali hawezi.

Miezi miwili ikapita. Alhamisi moja, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nashona sare za shule na redio imewashwa. Mtangazaji akasema lori kubwa la mizigo limeanguka mlimani, kwenye mteremko wenye kona saba. Kulikuwa na ukungu. Hakutaja kampuni, na hakutaja rangi ya lori. Alisema tu kulikuwa na watu wawili ndani.

Siku hiyo watu wangu walitakiwa kupita mteremko huo, na saa zilikuwa zilezile.

Nilimpigia mume wangu, simu imezimwa. Nikampigia mdogo wangu, inaita haipokelewi. Nikapiga tena. Nilijua wanaozima simu ni wanaolala, na wasiopokea ni wanaoendesha. Nilijua ni mimi mwenyewe niliyemleta Mama Breki awafundishe hivyo. Kujua hakukunisaidia chochote. Nilimpigia msimamizi, namba yake inatumika. Nilikanyaga cherehani bila kitambaa, sindano inapanda na kushuka mahali patupu. Mama Breki alipita, akaniona, akavuta kigoda akakaa karibu nami.

Saa nane na nusu simu ikalia. Alikuwa mume wangu. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Mama watoto, nimewasha simu naona umepiga mara kumi na nne. Kuna nini?"

Nikamuuliza wako wapi. Akasema wameegesha, shemeji yake ameshuka kununua maji. Asubuhi yeye alianza zamu, lakini chini ya mlima alijisikia kope zinakuwa nzito. Ilibaki nusu saa zamu yake iishe. Zamani angejikaza. Safari hii alisema amechoka, wakashuka, wakalizunguka gari, mdogo wangu akashika usukani. Yeye akapanda kitandani akafunga mkanda.

"Na mlimani?" nikamuuliza. "Kwenye zile kona? Kulikuwa na ukungu? Mlipitaje?"

Mume wangu akapiga mwayo mrefu, wa mtu aliyeamka sasa hivi.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nimelala."

Nilifunika uso kwa sare ya mtoto wa watu nikalia. Mama Breki alinigusa bega, nikamwonyesha kwa kichwa kwamba ni wazima. Mume wangu alikuwa bado anauliza kuna nini, nimeamkaje, mbona sauti yangu hivyo. Nikamwambia nitamweleza akirudi. Nikamuuliza zamu yake inaanza saa ngapi. Akasema bado saa moja.

"Basi rudi ukalale," nikamwambia.